Somo la Nne, Uvinza

Saa nane usiku bando hushuka bei,
ndipo Ntakije huwasha simu yenye ufa
kando ya meko ya chumvi.
Mwalimu, yuko ng'ambo, anasema: ni rahisi.
Duara linazunguka. Linazunguka.
Mdomo wa mwalimu umebaki wazi.

Bure, walisema. Kweli, mlangoni hakudaiwa kitu;
ila bando limekula kilo mbili za dagaa,
na cheti, kule mwisho, kinadai dola.

Mama anauliza: unasoma bure?
Swali moja, maana mbili,
naye hajui ajibu ipi.

Jana, kwenye mizani ya bohari,
karani alikosea wastani.
Ntakije akanyoosha mkono, kama darasani.
Kwanza wakacheka: cheti kiko wapi?
Kisha wakahesabu magunia upya.