Kiti Nyuma ya Nguzo

Tiketi ya mwanafunzi ilikuwa nyuma ya nguzo.
Ghorofa ya tatu, kiti cha kumi na tisa,
bei ya mkate na nusu.
Miaka mitano Sofia nikisomea mifugo,
kila Alhamisi ya pili nilikwenda Baleti ya Taifa,
na kila Alhamisi ya pili niliona nusu:
kushoto kote, kulia patupu.
Mwana wa mfalme aliruka
akaingia ndani ya nguzo.
Alitua wapi, sijui hadi leo.

Kaka Msanjila aliandika kutoka Mvumi:
Tumeuza ng'ombe wawili
ukatazame watu wakisimama kwa vidole?
Nikamjibu: ukumbini kuna joto.
Na ulikuwa ukweli, Desemba ile,
kipasha joto cha bweni kilikuwa kimekufa.
Ukweli mwingine sikuununulia stempu.

Ukweli mwingine ni huu.
Walioketi chini, kwenye viti vyekundu,
walisikia fidla.
Sisi wa juu, muziki ukivuta pumzi,
tulisikia viatu:
ko, ko, ko,
mbuzi wa baba wakishuka mwambani
magharibi imeingia, na mmoja hayupo.

Bi Radka alipokea makoti mlangoni.
Ukimpa koti, anakupa kibati cha shaba.
Changu kilikuwa mia mbili kumi na nne, daima,
alinitunzia.
Alikuwa amecheza mstari wa nyuma miaka kumi na mmoja.
Usiku mmoja wa theluji akavua kiatu
akanionyesha vidole, vimepandana kama tangawizi.
Nilivitazama nilivyofundishwa kutazama kwato:
wapi paliumia, wapi palijiponya,
nani alimswaga mnyama huyu.
Akacheka. Akavaa soksi.
"Ningerudi kesho," alisema, "wakiniita."

Leo ni Agosti, Mvumi Makulu.
Uwele umo vihengeni,
nimechanja kuku wa kaya arobaini
na macho yamejaa vumbi.
Wanawake wanaziotesha moto ngoma za muheme
ngozi zikaze.
Shangazi Mbeleje ananiona na sanduku langu:
"Wewe wa Ulaya! Walikuonyesha ngoma gani huko?
Tuone."

Nikasimama kwa vidole
ndani ya mabuti ya mpira.
Watoto walianguka kwa kicheko.
Chibango, ngoma kaibana mapajani,
hakucheka. Aliinamisha kichwa,
akatazama miguu yangu muda mrefu
kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe,
kisha akagonga ukingoni, kwa kucha tu:
ko, ko, ko.

Nikaruka kwenda kulia.

Hakukuwa na nguzo.
Kulikuwa na zizi, na jirani na baiskeli yake,
na anga lote la Ugogo halina pazia,
nami nikatua vibaya
juu ya mavi mabichi ya ng'ombe.
Mabega ya wanawake yakaanza kutikisika,
shanga zikaanza, sikujua tena
kama ni kicheko au ndiyo ngoma yenyewe imeingia.

Baadaye, nikitafuta kitambaa sandukuni,
kibati kikadondoka kati ya chupa za chanjo.
Ile Alhamisi ya mwisho ilikuwa Mei, jioni ya joto,
nikatoka nikasahau.
"Cha nini hiki?" Shangazi akakigeuza.
Cha koti.
"Koti lenyewe?"
Bado limetundikwa.
"Na jua hili?" akasema,
akakifuta vumbi kwa kanga, akanirudishia,
akaenda kuisogeza ngoma yake karibu na moto.