Ukifika Kwenye Kahawia

Mkasi ni wa jirani, Lushinge, makali yamefubaa;
kila tawi hutafunwa kwanza, ndipo likatike.
Nimeanzia upande wa barabara, juu kule Bwiru,
pale misaiprasi ya baba ilipozidi ukuta
ikaanza kuwapangusa wapita njia mashavu.

Yeye alitumia kamba. Vigingi viwili, uzi wa nyavu,
kisha huchuchumaa, jicho moja kalifumba
kama fundi anayepima tofali.
"Kata panapoota," alisema. "Ukifika kwenye kahawia,
hapo hapachipui, hata umwagie ziwa zima."

Mimi sina kamba. Nina asubuhi moja tu,
kabla jua halijayachemsha mawe.
Ndani ya majani: wadudu wa ziwa, vumbi lao jeusi,
kiota cha chiriku, soksi ya mtoto,
soksi yangu, nadhani, ya darasa la pili.

Nikasogeza mkono. Nikazama.
Tawi nene likaanguka, na nyuma yake
vijiti vikavu, kahawia, shimo la kichwa cha mtu.

Mama akatoka na ungo wa mchele.
Akaliangalia pengo. Nikangoja kugombezwa.
Akainama, akachungulia, akasogea kidogo kushoto.
"Kumbe kivuko cha Kamanga kinaonekana," alisema.
"Miaka ishirini na sita nasikia honi yake tu."

Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaketi
kuchambua mchele, uso pengoni.

Nikahamia mti wa pili.
Safari hii nikauliza kamba iko wapi.