Kura Moja Zaidi

Miaka kumi na minne nimeuliza, "Tumeelewana?"
na miaka kumi na minne mabati ya Yombo yamenijibu,
"Ndiyooo, Mwalimu Paziii!"
sauti moja, ndefu, ya kumalizia kipindi,
nami nikafuta ubao kwa kiganja,
nikajipangusa chaki kwenye suruali, nikatoka.

Jumanne tukapewa vishikwambi kumi na viwili,
vimetoka kabatini kwa mwalimu mkuu vikinuka dawa ya mende,
kila kimoja na namba yake, na sahihi tatu daftarini.
Bando nilinunua mwenyewe, la siku moja.
Simu nikaiweka dirishani, juu ya tofali,
maana mtandao huku kwetu ni mgeni mwenye haraka:
husalimia mlangoni, haketi.
Shuka la kitandani kwangu likawa ukuta wa picha,
ua lake la kona likameza namba ya kwanza.

Darasa la Sita B, watoto sabini na nane.
Sita kwa kishikwambi, kwingine saba,
vichwa vimekutana kama vya kuku penye mtama.
"Jiiteni mtakavyo," niliwaambia. "Majina yenu leo siyataki."
Shukani yakaanza kuota:
Kitumbua Moto. Bosi wa Buza. Mjomba Radi.
Mmoja akajiita Mwalimu Pazi.
Nikacheka. Nikaandika:
Nusu gawanya kwa robo. Umeelewa, au hujaelewa?
Ukishabonyeza, mpe jirani.

Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Nje, muuza kahawa akagonganisha vikombe.
Kisha nguzo mbili zikasimama juu ya shuka langu,
moja ya kijani, fupi: kumi na nane.
Ya pili nyekundu, ikapanda, ikapita ua, ikagusa pindo:
sitini na moja.

Hakuna aliyecheka.
Walinitazama
kama aliyevunja sahani ya wageni anavyomtazama mama yake.
Mimi niliutazama ubao,
mwandiko wangu mzuri, mistari imenyooka,
na kanuni yenyewe ndani ya boksi: geuza ya pili, kisha zidisha.
Geuza. Kwa nini igeuzwe?
Sikuwahi kusema.
Kwani mimi niliambiwa?
Mimi nami, kaptula ya kaki, dawati la tatu, niliitikia ndiyo.

Nikajumlisha, kwa mazoea tu:
kumi na nane na sitini na moja, sabini na tisa.
Watoto sabini na nane.
Kumbe na mashine, nikasema moyoni, hesabu huipiga chenga.

Ndipo umeme ukakatika. Shuka likabaki shuka.
Nikamtuma Msafiri getini akalete chapati tatu.
Nikakata ya kwanza katikati. Hii nusu.
Haya, humu zimo robo ngapi?
Kimya. Kisha, "Mbili,"
akasema mmoja taratibu, si kwa kuitikia,
bali kama mtu aliyeokota kitu njiani
na bado hajui ni cha nani.
Sikugeuza chochote siku hiyo.
Tulikata, tukahesabu, tukabishana,
na waliokaa mbele wakala ushahidi.

Kengele ilipolia, Sikujua Mkude akabaki
kunisaidia kukunja shuka, kona kwa kona.
Sikujua, ambaye tangu Januari sijaisikia sauti yake
ila ndani ya ile ndiyo ya wote.
"Mwalimu, Kitumbua Moto ni mimi."
Akalainisha mkunjo ambao tayari ulikuwa umelainika.
"Nilibonyeza mara mbili."
"Mbili za nini?"
"Moja ya leo," akasema. "Moja ya mwaka jana."

Mwaka jana, Darasa la Tano B,
hesabu nilifundisha mimi.