Uzito wa Lori Tupu

Bahasha imefika Jumanne, ina jina la Teodor.
Teodor ana miaka mitatu chini ya theluji
nyuma ya kanisa lenye kuba la bati,
na Bodi ya Nafaka ingali inamwomba achague mkurugenzi,
aweke moja, mbili, tatu
mbele ya majina, kwa wino mweusi, asitoke nje ya kisanduku.

Mimi niliye hai sikuletewa kitu.
Mvua ya mawe ya Julai ilipita shambani kama kinyozi mlevi,
ikaacha mabua.
Sikupeleka hata tani moja,
na kanuni mpya yasema: asiyepeleka, hapigi.
Wameiita marekebisho. Walitaka kusafisha daftari,
wawatoe marehemu na waliostaafu wakahamia Regina.
Ufagio wao umewaruka wafu, ukanizoa mimi.

Na hayo ni ya mwaka jana. Mwaka huu wana mengine.

Nilikuwa mpimaji hapa Wadlow, miaka ishirini na sita,
kwenye ghala refu la mbao kando ya reli, kabla hawajalibomoa.
Watu wa wilaya hii nawakumbuka kwa kilo.
Eklund: malori matatu kwa siku, salamu hana.
Dada wawili wa kina Froese: magunia ya shayiri nyuma ya pikapu,
na mkate wa rai wa mpimaji,
ambao sikuupima.

Jana usiku tulikutana ukumbi wa barafu,
viti vya chuma, kahawa ya birika kubwa.
Eklund alisimama, koti limefungwa hadi kidevuni.
Haki ni hesabu, akasema. Mwenye tani elfu tano
na mwenye tani hamsini wakipiga kura sawasawa,
huyo wa hamsini anaendesha gari ambalo hakulinunua.
Tani ziwe kura. Watu walipiga makofi na glavu mikononi;
ikasikika kama theluji inayoporomoka paani.

Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Hakuna aulizaye kibaba kikishajaa
hubebwa na nani.

Sikuwa na haki ya kusema. Nilisema.
Eklund, lori lako nililipima mara mbili kila safari,
likija limejaa, likiondoka tupu.
Ya pili nikiitoa kwenye ya kwanza, inabaki ngano yako,
na hujawahi kubisha.
Basi niambie habari ya ile namba ya pili:
chuma, matairi, tope, wewe ndani yake, na mbwa.
Hiyo hatukuilipa hata senti,
na bila hiyo hakuna punje iliyofika relini.
Kura ilikuwa ya hiyo.

Kimya. Mashine ya barafu ikakohoa.
Wakahesabu mikono: arobaini na mmoja, thelathini na minane.
Eklund kashinda kwa mitatu.
Wangu uliinuka pia. Karani aliutazama,
akaruka kwenda kwa anayefuata.

Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri, gari langu liligoma.
Eklund ndiye aliyeleta nyaya, akainama juu ya betri
bila neno, pumzi yake imeganda masharubuni.
Injini ilipoitika akasema:
Sikuwahi kuja na mbwa.
Ulikuja naye, nikamwambia. Wa kahawia. Mwaka wa ukame.
Alisimama hapo muda mrefu kuliko baridi inavyoruhusu.

Sasa ni saa saba usiku. Nimeiweka bahasha
juu ya mizani ya jikoni: gramu ishirini na mbili.
Sahihi ya Teodor naijua kuliko yangu,
ile T yake kama uma uliopinda.
Nimeandika juu ya bahasha: Amehama.
Kisha nikalikata neno, kwa kuwa si kweli;
kati yetu sote hapa
yeye peke yake ndiye asiyeuza, asiyeondoka.

Siku ya mwisho ni Ijumaa.
Kalamu nyeusi iko pale ilipokuwa.