Mstari wa Shee

Famau aniuliza: nakala hadi mwakani?
Umeme ukipoteza kazi yetu ya Langoni,
ya jana itatujuza tulifika jina gani.
Mwezi ukisha, ifute; andika mpya juuye.

Lakini hili faili, vizazi mwaka wa njaa,
halina tena asili, kitabu kimelowaa.
Yumo na Shee wa Ali, aliyeishi masaa.
Hapa mwezi hautoshi; hii si nakala, baba.

Asema nafasi haba, si yote yahifadhike.
Risiti: miaka saba, kisha wacha zifutike.
Shee hakuacha juba, wala picha tuishike.
Ana mstari mmoja; huo sijaupa mwisho.

Afisi ya vizazi, Amu