Wanja Begani

Jumamosi, baada ya alasiri. Tudor, ghorofa ya tatu.
Nassoro afungua kabati la funguo mbili,
mmoja wake, mmoja wangu,
aitoa bunduki kama atoavyo mtoto usingizini:
mkono mmoja kitakoni, mwingine shingoni.
Pini kaichomoa. Mtutu kaugeuzia ukutani,
penye ufa ambao mwenye nyumba
huapa kila mwezi kuuziba.

Mbele yangu, katika sinia ya kuchomea mkate,
maganda hamsini ya shaba.
Tupu. Hamna fataki, hamna baruti,
midomo wazi kama makinda.
Jana usiku tuliyabana kalibuni, moja moja,
hadi mkono wangu wa kulia ukakataa kukanda unga.
Tukayafunga mfukoni, maana chumvi ya mji huu haina adabu:
shaba ikilala nje wiki moja huamka na ukijani.
Leo ni kuyauliza tu: mwaingia, au hamwingii?

Kazi yenyewe haina maneno.
Walidondosha ganda chumbani mwake.
Usilisukume. Lishuke kwa uzito wake.
Kisha komeo: kidole kimoja, si kiganja.
Likifunga kama kabati la mama, weka kulia.
Likikaza, hata kwa unene wa unywele, weka kushoto,
na usione haya.

Thelathini na moja kulia.
La thelathini na mbili likagoma.

Nikalitoa, nikalipangusa mafuta,
nikafungua kijaluba changu cha wanja
("Wanja wa harusi ya Mwanakheri huo!" Nassoro kakunja uso),
nikalipaka bega duara zima, jeusi tii,
nikalirudisha, nikafunga polepole, nikafungua.
Wanja umefutika. Uzi wa shaba wang'aa
kuzunguka bega, mwembamba kama pete ya mtoto.
Hapo ndipo panapogusa.

"Haya ni ya De Mello," akasema.
De Mello wa Ganjoni alimpa kumi na tisa sikukuu ya Pasaka
ndani ya kopo la biskuti.
"Bunduki yake chumba chake kipana.
Shaba ikilipuka hukijaza chumba ilichomo,
ikazikariri kuta zake. Ukija kuihamisha..."

Akasita. Akatazama chai yake.
Nilijua alichoogopa kukimaliza:
miezi minne sasa tangu nirudi kutoka Malindi
na sanduku moja, na talaka
iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu.
Swabra, mkewe, kanipa chumba cha watoto,
kitanda cha futi tatu.
Kila nikigeuka, goti lagonga ukuta.

La, kaka. Usinifumbie.
Mimi si ganda.
Mimi ndiye mwenye kidole kwenye komeo.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.
Tukaishusha kalibu, robo ya robo ya mzunguko,
tukabana tena, nikapaka tena.
Safari hii wanja ukatoka kama ulivyoingia.

Yakaingia yote kumi na tisa.
Lakini moja lilishuka kwa ulaini mno,
bila mnong'ono, utadhani lilizaliwa humo.
Nikalitoa, nikalisogeza dirishani:
juu kidogo ya kitako, mstari mweupe.
Shaba imechoka kwa ndani.
"Lakini limeingia," Nassoro akasema.
Limeingia, ndiyo. Na siku moja
lingekatikia humo humo, karibu na jicho lako.

Nikampa Feisal. Akaliweka mdomoni kama filimbi,
akapuliza barazani hadi Swabra akapiga kelele jikoni
kuuliza nani kamleta polisi nyumbani.

Arobaini na tisa sinianì, kifuniko juu.
Nilipokwenda kunawa, wanja ulikuwa bado kidoleni.
Sikuumwagia maji.
Nikaumalizia jichoni, la kushoto;
Magharibi ikaadhiniwa
kabla sijafika la kulia.