Mahamri Nisiyoyaonja

Saa tisa ya usiku Langoni yote imelala
ila karai langu na paka wa jirani.
Iliki nimeshaitwanga. Unga niliuumua tangu isha,
nao umefura kama mapaja yangu,
ila unga ukiupiga ngumi hunywea.
Mimi hunipiga ukingo wa meza tu
nikavilia damu wiki nzima.

Miaka ishirini nimeitwa Mtungi.
Shemeji Bwanaheri, harusini, mbele ya wageni:
"Huyu huuza mawili, hula matatu."
Nikacheka nao.
Nikarudi nikafunga siku arobaini kwa maji na tende,
nikakonda uso, nikakonda kifua,
nguo zikanipwaya mabegani.
Miguu ikabaki vilevile, nguzo za msikiti,
imekatika ghafla juu ya kifundo
pale ambapo mtali ungekaa,
kana kwamba nimevaa suruali ya nyama
na nyayo ni za mtu mwingine.

Wagawa dawa za matende walikuja, nikameza.
Mwaka wa pili wakaja, nikameza.
Shangazi Mwanamkuu akasema ni jicho,
akaniandikisha kombe la zafarani. Nikanywa.

Hata akaja daktari Kadzo kutoka Malindi.
Akabonyeza paja, nikaguta.
Akabonyeza unyayo, kimya.
"Mama yako alikuwa na miguu hii?"
Nikamwona mama akishuka ngazi kwa makalio,
ngazi moja, bismillahi, ngazi moja.
"Hii ni lipidema. Si ulafi, si matende.
Chakula hakitaiondoa, nisikudanganye.
Chakula huenda kikaipoza."

Kuipoza.
Nililifunga neno hilo kwenye pindo la leso
kama pesa ya mtu.

Sasa chungu changu kina sheria zake.
Wali kiganja kimoja, Ijumaa, basi.
Sukari nimeipa talaka tatu
ingawa bado twaishi nyumba moja,
na kila alfajiri ni mimi niipambaye kwa ajili ya watu.
Ng'onda nimemrudishia muuzaji,
chumvi yake hunifunga miguu kabla ya magharibi.
Nala changu wa kuchoma, ndimu mbili,
bamia, mchicha, mtoriro wa ufuoni,
manjano na tangawizi katika tui jepesi,
parachichi siku boti la Mokowe likilileta.

Nimeteleza, wala sifichi.
Maulidi ilipofika nilikula sinia la pilau
na kaimati tisa, nilizihesabu.
Usiku ngozi ikaniwamba kama ngoma iliyoanikwa juani.
Sikujilaani. Asubuhi nikachemsha mchicha.

Fundi Twalib bado hunikatia kitambaa kilekile,
futi yake haijaona tofauti.
Lakini juzi nimepanda ngazi za darini, zote kumi na saba,
bila kusimama ya tisa kushika ukuta.
Hilo halionekani na mtu.
Nimeliona mimi, na ukuta.

Limebaki moja:
nani aniambie sukari imekolea?
Nikichovya kidole, kidole hukumbuka.
"Ndoo, Zainati, ndoo uonje."
Huja na usingizi wake, miaka kumi na minne,
hutafuna la kwanza, hutikisa kichwa, bado kidogo.

Leo leso imempanda gotini.
Kwa mwanga wa makaa nauona mguu wake,
juu ya kifundo, mkunjo
mwembamba kama uzi wa tasbihi,
na kwenye muundi alama ya kijani
ambayo nikimuuliza ameipata wapi, hajui.

Nageuza mahamri. Mafuta yanarukia mkono, sijali.
Simwambii usile.
Neno hilo nimelishwa miaka ishirini, naijua ladha yake.
Namwambia, "Hilo la pili mpe paka.
Keti hapa, karibu na miye.
Nina habari ya bibi yako
na ngazi."